Mzee aliyejua nyumba zilipokuwa

Wazee wangu, mama zangu, majirani wa avenyu yetu hapa Murara, mjini Goma, Baba Padri uliyekuwa nasi tangu siku ya kwanza ya kilio, mafundi mliofanya kazi chini ya mkono wa Babu, nanyi ndugu mliotoka Rutshuru, Sake na ng'ambo ya mpaka kule Gisenyi, Rwanda: asanteni sana. Wenzetu walioko Kinshasa na Butembo hawakuweza kufika kwa sababu ya hali tunayoijua sote. Wamelia pamoja nasi kwenye simu, wakaniomba nisiache kuwataja leo tunapomaliza kilio. Nimewataja.

Baba mkubwa amekwisha kutusomea maisha ya Babu: alikozaliwa, alivyoshuka Goma akiwa kijana mwaka 1962, ndoa yake na Bibi, watoto, wajukuu, vitukuu. Sitarudia. Mimi mjukuu wake wa kwanza nimepewa nafasi ya kusema jambo moja, nalo nimelipata kwenu. Siku zote za kilio nilikuwa nimekaa mkekani pamoja na Bibi. Watu waliingia, wakamshika Bibi mkono, wakanyamaza kidogo, kisha wengi wao wakasema maneno yanayofanana: "Huyu mzee ndiye aliyenionyesha nyumba yangu." Mama mmoja anayeuza maharagwe soko la Virunga alisema hivyo. Mwalimu wangu wa zamani alisema hivyo. Bwana mmoja ambaye leo ana ghorofa kule Himbi alisema hivyo, kofia ikiwa mkononi.

Wadogo zangu mliozaliwa baada ya mwaka 2002 mliniuliza jioni, tukiwa tunaosha sahani: kwani watu hawa wote walikuwa wamepotea njia? Nitawajibu hapa, mbele ya walioshuhudia, ili wazee wanisahihishe nikikosea.

Siku ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, asubuhi, Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ilipasuka ubavuni, upande wa kusini unaotazama mji. Ufa ulishuka mlimani hadi maeneo ya Munigi, mlangoni petu kabisa. Lava ya mlima wetu ni nyepesi mno. Hukimbia pale ambapo lava ya milima mingine hutambaa. Ilipofika mjini ilikata uwanja wa ndege na kufunika karibu theluthi ya njia ya ndege. Ikapita katika makartie yetu, yaani mitaa yetu, ikaharibu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ikala maduka ya katikati ya mji, ikaishia ziwani. Watu laki kadhaa walivuka kwenda Gisenyi, watoto mgongoni, magodoro kichwani. Baadaye wataalamu walipima wakasema kwamba karibu asilimia 13 ya mji ilifunikwa. Namba hiyo mtu akiisoma akiwa mbali huiona ndogo. Kwenye avenyu yetu ilikuwa ni nyumba zote.

Baada ya siku chache tu watu walianza kurudi, na mawe yalikuwa bado yanatoa moshi. Walirudi kwa sababu huko walikokimbilia hawakuwa na chakula wala pa kulala, na kwa sababu mtu hutaka kuona kwake hata kama hakuna kitu. Hapo ndipo shida nyingine ilipoanza, na hiyo ndiyo watoto hamwezi kuifikiria mpaka mwelezwe. Nyumba ikiungua kwa moto wa kawaida, kiwanja hubaki. Msingi upo, njia ipo, mti wa jirani upo, unajua ulipolala na ulipopikia. Lava haikubakiza alama. Iliacha mawe meusi yenye mikunjo, mita moja mahali hapa, mita mbili mahali pale, kwingine hata zaidi. Avenyu haikuonekana. Ua haukuonekana. Karatasi za parseli, yaani za viwanja vyetu, zilikuwa zimeungua ndani ya nyumba zenyewe. Mtu alisimama juu ya jiko lake bila kujua.

Na ardhi ya Goma mnaijua. Mita mbili za parseli zinaweza kuvunja undugu wa miaka thelathini. Katika majuma yale walikuwako waliorudi mapema wakaweka mawe kuzunguka mahali palipowapendeza, wakasema hapa ni kwangu. Walikuwako wajane ambao mashemeji walifika kabla yao. Yote hayo yalitokea kipindi ambacho mji ulikuwa chini ya vita, ofisi hazina nguvu, kila mtu ana njaa.

Babu alikuwa fundi wa mawe. Nataka kukaa kidogo kwenye kazi yake, kwa sababu bila kazi hiyo hamtaelewa alichokifanya. Jiwe la lava ni gumu na lina matundu. Ukilipiga vibaya linapasuka pasipotakiwa. Babu alilizungusha kwanza, akaligonga kwa kichwa cha nyundo akisikiliza, ndipo aliweka tindo. Hakupenda kuficha mapengo kwa sementi nyingi. Alisema ukuta ukishindwa kusimama kabla ya sementi haujajengwa. Msingi wake aliulaza juu ya mwamba wenyewe, akianza kwa kufagia mpaka mwamba ung'ae, na vijana waliokuwa na haraka walikuwa wanachoka kwa kufagia tu. Kuta za mawe mnazoziona kati ya hapa na Mapendo, zile zenye pembe kali na zisizo na tumbo, nyingi ni zake au za waliofundishwa naye. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na ninyi mafundi mlioko hapa mnajua ni nani aliyewaunda ninyi.

Alikuwa na kamba. Kamba ya katani iliyofungwa fundo kila mita, na kila fundo la tano lilikuwa na kitambaa chekundu. Kabla ya kuanza msingi alipima parseli kwa pembe zote nne, kisha akapima tena kutoka kwenye pembe moja mpaka kitu kisichohama: ukuta wa kanisa, pembe ya shule, mwamba uliotokeza njiani. Hakuandika. Alirudia namba zile kwa sauti, akiimba karibu kama mtu anayehesabu shanga za rozari, na jioni Bibi alimsikia akizirudia tena anapokula bugali. Bibi anasema mwanzoni alidhani mume wake amerogwa.

Tulimuuliza sababu. Akatuambia habari ya tarehe 10 Januari 1977. Siku ile ziwa la moto lililokuwa juu ya Nyiragongo lilimwagika lote kwa muda usiofika saa nzima. Vijiji vya chini ya mlima viliungua kabla watu hawajajua wakimbilie wapi. Babu alikwenda na wenzake kutafuta jamaa za fundi mmoja. Huko alimkuta mzee anatembea juu ya mawe, anakwenda hatua kadhaa, anasimama, anarudi, anaanza upya. Alikuwa anatafuta nyumba yake, na ndani ya nyumba ile mlikuwa na watu. Hakuna aliyeweza kumwambia ilikuwa wapi. Babu hakutueleza zaidi ya hapo, na sisi hatukumuuliza tena. Lakini tangu mwaka ule hakuweka msingi bila kuuweka kichwani pia.

Sasa mwajua kwa nini mwaka 2002 watu walimfuata.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na kwa kuwa nilikuwa mwepesi wa miguu alinipa kazi ya kubeba vigingi. Kulikuwa na nyumba moja ya ghorofa ambayo chini ilizama na juu ikabaki. Kulikuwa na sehemu ya ukuta wa shule mahali ambapo ardhi iliinuka na lava ikapita pembeni. Babu alianzia hapo. Alisimama kwanza muda mrefu bila kusema kitu, midomo inacheza. Halafu akaita wenye ugomvi. Kama majirani wawili walikuwa wanagombana, yeye hakushika kamba. Aliwapa wao, kila mmoja ncha yake. Akawaambia vuta, legeza kidogo, njoo kulia, simama. Watu waliokuwa hawasalimiani walijikuta wanaulizana, "Umefika?" "Bado, ngoja." Mafundo yalipokwisha Babu alisema, "Hapa palikuwa na mlango wa mama fulani, unatazama mashariki, na ngazi tatu." Tukaweka kigingi.

Mara kadhaa watu walichimba kwa mtaimbo kuhakikisha. Nakumbuka siku walipovunja mawe na kukuta kona ya msingi, rangi ya samawati ikiwa bado imeshika kwenye jiwe. Mwenye nyumba alikaa chini akalia. Watu walipiga makofi, Babu akawakemea, akasema mnapigia makofi kaburi la nyumba ya mtu?

Lakini kilichomfanya aaminiwe, kwa maoni yangu, ni zile mara alizosema, "Hapa sijui." Alisema hivyo mbele ya watu, bila haya. Nyumba ambayo hakuijenga wala hakupita karibu nayo na kamba, hakuibunia kipimo. Alimtafuta fundi aliyeijenga. Kama fundi alikuwa amekufa au amekimbia, aliwaambia wenyewe wakubaliane mbele ya nyumbakumi na shefu wa avenyu. Mtu anayejua mengi huona ugumu kusema hajui, hasa pale watu wanapomtazama kama mkombozi. Yeye alisema, akakunja kamba, akaenda nyumba inayofuata.

Hakuchukua pesa kwa kupima. Kujenga alilipwa, tena alikuwa mkali wa bei, na wengine wenu mnacheka kwa sababu mnakumbuka. Kupima hakulipwa. Kuna mtu alileta mifuko miwili ya sementi usiku, wakati sementi ilikuwa inatafutwa kuliko nyama, akiomba kigingi kisogee upande wa mjane. Bibi ndiye aliyefungua mlango, na ndiye anayesimulia. Babu alimwambia yule mtu, "Mimi ni shahidi. Ushahidi hauuzwi." Asubuhi akampeleka mjane ashike ncha ya kamba yeye mwenyewe, mashemeji wote wakitazama. Mjane yule yuko hapa. Amekuja na watoto wake, na ametuletea gunia la viazi kutoka shambani kwake. Mama, tunakushukuru.

Na alipofika kwenye parseli yetu, alipima kama alivyopima za wengine. Tulitumaini labda tutapata nafasi zaidi, maana nyumba ya zamani ilikuwa imebanana. Ikawa kinyume. Alikuta kwamba ua wetu wa zamani ulikuwa umemega njia, kosa la mwenye nyumba wa kabla yake, na yeye alilijua siku zote. Akarudisha njia. Kichochoro hiki wanachopita wanawake na bidoni za maji, wakati wa misa leo mmepita humo wengi wenu, kimetoka kwenye ua wetu. Baba zangu wadogo walinung'unika sana. Leo wanajivunia, na wana haki ya kujivunia.

Sitaki kumfanya Babu malaika. Asingependa, na shangazi angenikatiza. Alikuwa mgumu. Fundi mwanafunzi akikosea pembe, Babu aliubomoa ukuta wa siku nzima bila neno la faraja. Watoto wake wa kiume aliwasomesha, wale wa kike wawili wakubwa aliwaacha nyumbani wasaidie Bibi kuvunja kokoto. Shangazi mkubwa amelisema hilo mwenyewe juma hili, mbele yetu, kwa machozi, akaongeza kwamba Babu alimwomba msamaha miaka mingi baadaye, na kwamba ada ya shule ya binti zake, na yangu mimi, ilitoka kwenye mikono ile ile. Ninasema haya kwa ruhusa yake. Shangazi, tumekusikia.

Kuhusu kokoto: jamani, tunapomsifu mjenzi, tumkumbuke aliyemvunjia mawe. Bibi yetu amekaa juani miaka na miaka, nyundo mkononi, kitambaa kimefungwa usoni kuzuia vipande visiingie machoni, mtoto amelala kivulini nyuma yake. Kila zege ya nyumba za Babu ina kokoto za Bibi. Akimaliza aliteremka ziwani kununua sambaza, wale samaki wadogo, akawauza jioni. Hakuna ukuta wa mumewe usio na jasho lake.

Babu alitufundisha pia kuiogopa ardhi hii pale inapostahili kuogopwa. Alitukataza kuingia kwenye mashimo ya mazuku, hewa ya sumu inayotoka ardhini, kule Mugunga na Bulengo. Ile hewa haionekani, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala chini, ndiyo maana mbuzi huanguka kabla ya mchungaji. Akituona tunacheka, alituonyesha ndege waliokufa kwenye majani mabichi. Tajiri mmoja alitaka ajengewe chumba cha chini ya ardhi. Babu alikataa kazi ile, na alikuwa anaihitaji. Hakutaka mtu alale mahali ambapo hewa mbaya inaweza kukusanyika usiku.

Mlima ulipopasuka tena Jumamosi ile ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, alikuwa tayari mzee wa fimbo. Anga ilikuwa nyekundu mpaka ndani ya nyumba. Lava ilisimama Buhene, ikatunusuru sisi, haikuwanusuru ndugu zetu wa kule juu. Kisha matetemeko, siku na usiku, na tarehe 27 ikatolewa amri ya kuhama kartie kumi, yetu ikiwamo. Tulimkuta Babu ameketi uani, hataki kwenda Sake. Tukadhani ni ukaidi. Alikuwa anawaita wajukuu mmoja mmoja, anawakaririsha: kutoka pembe ya shule mpaka nyumba ya kwanza, mafundo mangapi, kutoka hapo mpaka kisima cha maji ya mvua, mangapi. Wadogo zangu walikuwa wanalia kwa hofu, yeye anawauliza vipimo. Alipohakikisha kwamba tumeshika, alisimama akasema twende. Tulitembea mpaka Sake pamoja na maelfu ya watu, na njiani aliendelea kutuuliza.

Tuliporudi avenyu ilikuwa mahali pake. Hakuna aliyehitaji kupimiwa. Babu alifurahi kama mtoto.

Jambo moja la mwisho kabla ya matangazo. Mnajua kuchimba kaburi Goma ni kupasua mwamba. Vijana mafundi, hamkuitwa. Usiku Babu alipofariki, alfajiri mlikuwa mlangoni na mitaimbo na nyundo, na mmoja wenu aliniomba kwa adabu timazi na pima maji ya Babu. Sikuelewa mpaka nilipofika makaburini nikaona kuta za kaburi zimenyooka na pembe zote nne ni sawa. Familia haina namna ya kuwalipa.

Sasa matangazo, kama baba mkubwa alivyoagiza. Yeyote anayemdai Babu, pesa au kazi aliyoianza asiimalize, amwone baba mdogo pale chini ya turubai kabla ya kuondoka, deni litalipwa. Ukuta wa ua wa kanisa ulioachwa nusu, wanafunzi wake wamekubali kuumalizia kuanzia juma lijalo. Wale ambao Babu aliwadai, yeye mwenyewe hospitalini alisema waachwe.

La pili linatoka kwetu wajukuu. Tulishika vipimo vingi, si vyote, na sisi pia tutazeeka. Tumenunua daftari kubwa, na binamu yangu anayesomea upimaji wa ardhi ameazima mashine ya kuchukua vipimo vya setilaiti. Kila Jumapili ya mwezi huu baada ya misa ya pili tutakuwa hapa uani. Ninawaomba ninyi mliowahi kushika ncha ya kamba ile mje mtuonyeshe vigingi vilipowekwa, hata kama leo pana nyumba juu yake, hata kama mlikuwa mnagombana wakati ule. Tutaanza na upande wa shule, kwa sababu majirani wawili walioshika kamba siku ya kwanza wako hai wote, na nawaona wameketi benchi moja pale nyuma. Wazee wangu, Jumapili tuwangoje saa ngapi?